Uwanjani na Mwalimu: Barua kutoka Miji Midogo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa walimu waliokabidhiwa timu za mpira wa miguu katika shule za sekondari za miji midogo, na nyingine kwa watu wanaoishi karibu nao: mzazi, mwanafunzi, mke. Nimeona ni vyema nizijibu kwa pamoja kwa kuwa zinagusana. Mimi nilifundisha Jiografia na kusimamia timu ya shule kwa miaka 22 katika mji wa Makambako, pale barabara ya kwenda Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kwa hiyo ninajibu kama mtu aliyepita njia hiyo hiyo, na pale nilipokosea nitasema.

Shikamoo, Mwalimu. Nimeajiriwa mwaka huu kufundisha Fizikia na Hisabati. Siku ya tatu tangu niripoti, mkuu wa shule alinikabidhi timu ya mpira kwa maelezo kwamba mimi ndiye kijana kuliko wote katika ofisi ya walimu. Sijawahi kufundisha mpira. Nina mipira miwili, uwanja umeinama kuelekea upande wa mto, na wanafunzi 46 wamejiandikisha. Nianzie wapi?
*Mwalimu kijana, Mbinga*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kabla hujagusa mpira, nunua kaunta buku. Andika jina la kila mwanafunzi, kidato chake, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, kijiji anachotoka na mwendo anaotembea kufika shuleni, na pembeni acha nafasi ya kuandika alichokula siku hiyo.

Najua nafasi hiyo ya mwisho itakushangaza. Katika mwaka wangu wa tatu nilikuwa na winga wa kulia, kijana mwembamba mwenye kasi ambayo hakuna beki wa wilaya yetu aliyeiweza, lakini kila ilipofika dakika ya ishirini alishika magoti na kuinamia nyasi. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Wiki mbili baadaye, nikiwa nafunga chumba cha vifaa, nilimkuta nyuma ya jiko la shule akikwangua ukoko wa makande kwenye sufuria, na ndipo aliponieleza kwamba nyumbani kwa bibi yake walikuwa wakila mara moja tu, usiku, na kwamba mchango wake wa chakula cha mchana haukuwa umelipwa. Mtoto huyo alitembea zaidi ya kilomita 7 asubuhi, akasoma mchana kutwa bila kitu tumboni, kisha mimi nikamtaka akimbie. Tulizungumza na mkuu wa shule na mpishi, akaanza kula, na kasi yake ikadumu mpaka filimbi ya mwisho. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliomtukania.

Sasa tuje kwenye mipira yako miwili. Kosa la wengi wetu ni kuwagawa wanafunzi wote pande mbili na kuwaachia mpira mmoja, ambapo watano wenye nguvu wanacheza na waliobaki wanafukuza vumbi. Chora viwanja viwili vidogo, weka watano kwa watano katika kila kimoja, na hapo vijana 20 wanagusa mpira kwa wakati mmoja. Wengine 20 wafanye mazoezi ya viungo na mbio fupi kando, sita wawe waamuzi na washika mistari, na kila baada ya dakika nane zamu zibadilike. Wape uamuzi kwa makusudi, kwa sababu kijana aliyewahi kupuliza filimbi na kulalamikiwa hupunguza sana kumlalamikia mwamuzi. Anza saa kumi jioni na umalize saa kumi na moja na nusu, bila kuzidisha, kwa kuwa kuna mtoto atakayetembea saa nzima kurudi nyumbani na giza halimsubiri.

Uwanja ulioinama usikukatishe tamaa. Sheria inaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, kwa hiyo una nafasi ya kuusogeza ukwepe sehemu mbaya zaidi, na mwinamo unaobaki utaugawa kwa haki mnapobadilishana upande. Jambo la kulitazama kwa jicho kali ni magoli. Yatikise kwa mikono yako miwili kila wiki, kwa sababu mwamba uliooza chini ukimwangukia mtoto aliyeuning'inia unaweza kumuua. Na unapochora mistari, tumia unga wa chaki. Chokaa, iwe hai au iliyozimwa, huunguza ngozi na macho, hasa uwanja ukiwa umelowa masika.

Ukiona kazi imekuingia moyoni, tafuta mafunzo. Kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) huendesha kozi za makocha zinazoanzia leseni za ngazi ya chini. Usisubiri cheti ndipo uanze, lakini usiridhike kufundisha mwaka wa tano yale uliyoyabahatisha mwaka wa kwanza.

Jiandae pia kwa jambo moja ambalo hakuna aliyenieleza. Michezo ya UMISSETA, yaani ile ya shule za sekondari, hupanda kutoka shuleni hadi wilaya, mkoa na taifa, na timu zinavyopanda wachezaji huchaguliwa kutoka shule mbalimbali kuunda kombaini. Maana yake ni kwamba vijana wako watatu waliokomaa mikononi mwako wataondoka na basi la wilaya, watafundishwa na mtu mwingine, na wewe utabaki na waliosalia katika uwanja uliopungua kelele. Mara ya kwanza nilinuna wiki nzima. Baadaye nilielewa kwamba wale wanaobaki ndio wengi wa wanafunzi wangu, na kwamba ratiba yangu yote ya miezi mitano nilikuwa nimeipanga kwa ajili ya watatu.

Mwalimu, mkuu wangu anataka nimchezeshe kijana wa bodaboda aliyemaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita. Anasema shule jirani zote zinachezesha mamluki na sisi tutakuwa wajinga peke yetu. Nikikataa nitaonekana siipendi shule. Nifanye nini?
*Kocha, Kibondo*

Kataa, ndugu yangu, na ukatae mapema kabla orodha haijapelekwa, maana ikishapelekwa na sahihi yako kosa ni lako.

Vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, na mamluki ni ugonjwa wa zamani, nao umewahi kutugharimu taifa zima. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamekwishafuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia, lakini Tanzania iliondolewa kwa udanganyifu wa umri na nafasi yake ikachukuliwa na Zimbabwe. Waliobaki nyumbani ni pamoja na watoto ambao umri wao ulikuwa sahihi na ambao hawakuandika karatasi yoyote ya uongo. Mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la umri huo nchini Nigeria, FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, kwa sababu mfupa ulio karibu na kiganja hukomaa na kuungana kwa namna ambayo cheti cha kughushi hakiwezi kuificha. Katika kata yako hakuna kipimo hicho. Upo wewe na kaunta buku lako.

Nakuandikia haya nikiwa na deni. Mwaka mmoja, tukielekea mashindano ya wilaya, niliambiwa nimpange mshambuliaji aliyekuwa na ndevu na mtoto wa miaka miwili. Sikumwandikisha mimi, lakini nilijua, nikanyamaza na nikampanga. Tulishinda mabao matatu kwa bila. Mshambuliaji wangu halali, kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa hajakosa hata siku moja ya mazoezi tangu Januari, alikaa kwenye benchi akiwa amefunga kamba za njumu alizoazima kwa binamu yake, na mchezo ulipokwisha alizifungua polepole, akazifuta udongo kwa majani, akazifunga kwenye mfuko wa rambo na kunipa mkono. Hakusema lolote. Muhula uliofuata hakuja tena mazoezini, na mimi sikuwa na mdomo wa kumwita. Ushindi ule hakuna anayeukumbuka leo, hata mimi lazima nijikaze kukumbuka tulicheza na nani.

Kuhusu namna ya kukataa, usifanye hivyo mbele ya walimu wengine, kwa kuwa mkuu aliyeaibishwa hawezi kurudi nyuma. Nenda ofisini kwake asubuhi ukiwa na daftari la mahudhurio na orodha yako ya wachezaji 18, umweleze kwa heshima kwamba kila jina lililopo ni la mwanafunzi aliyesajiliwa, na kwamba ikigundulika vinginevyo itakayofutwa ni timu nzima na watakaohojiwa ni ninyi wawili. Mwambie pia nani atakosa nafasi, kwa jina. Mara nyingi mkuu wa shule hajawahi kufikiria kwamba kuna mtoto anayekosa. Anaona kikombe tu. Akiendelea kukulazimisha, omba kwa upole akupe agizo hilo kwa maandishi.

Mwalimu, mimi ni mama wa binti wa kidato cha tatu. Kocha wao amekuja nyumbani kuomba binti acheze mpira. Baba yake anahofia masomo, na mimi nahofia safari za mbali na wanaume wanaozunguka viwanja. Tumkubalie?
*Mama, Masasi*

Mama yangu, kocha aliyekuja mpaka nyumbani kwenu kuomba ameanza vizuri, kwa hiyo mpokeeni na mumhoji bila haya. Mwulizeni ni mwalimu gani wa kike anayesafiri na timu, jina lake na namba yake ya simu, na kama hayupo basi safari isiwepo. Mwulizeni wanalala wapi, wavulana na wasichana wanatenganishwaje, mlango una komeo, na nani anabaki na ufunguo. Mwulizeni kama katika sanduku la huduma ya kwanza mna taulo za kike, maana kocha asiyefikiria jambo hilo hajajiandaa kufundisha wasichana. Kocha mwaminifu hatakasirika kwa maswali haya. Mimi yalinisaidia, kwa kuwa nilipoulizwa na mama mmoja kuhusu komeo la mlango niligundua kwamba sikuwahi kulitazama.

Kuhusu masomo, mkubaliane siku tatu za mazoezi kwa wiki na mwezi ambao binti atapumzika kabla ya mitihani. Mashindano makubwa ya shule huwa katikati ya mwaka na mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, hivyo nafasi ya kupanga ipo ikiwa kocha na wazazi watazungumza mwezi Januari badala ya Oktoba. Mwombeni pia awe na mazoezi maalumu ya kupasha mwili joto. Wasichana huumia mishipa ya ndani ya goti zaidi ya wavulana, na programu ya FIFA iitwayo 11+, yenye mazoezi 15 yanayochukua kama dakika 20, imethibitika kupunguza majeraha ikifanywa angalau mara mbili kwa wiki. Haihitaji kifaa chochote zaidi ya mpira.

Mwambieni baba yake kwamba Aprili 2023 mabinti wa Fountain Gate, shule ya Dodoma, walikwenda Durban, Afrika Kusini, wakarudi na ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, uliokuwa na zawadi ya dola 300,000 kwa ajili ya kuendeleza shule. Walikuwa wanafunzi wenye sare na madaftari kama binti yenu. Sisemi kwamba naye atafika Durban. Nasema kwamba akicheza hatakuwa amepotea njia.

Shikamoo, Mwalimu. Katika mechi niligongana vichwa na beki. Kocha alinimwagia maji nikaendelea mpaka mwisho. Wenzangu wanasema nilitoa pasi ya bao la pili lakini mimi silikumbuki kabisa. Kocha alinisifu kwa ushupavu. Je, ni kawaida?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Kondoa*

Marahaba, mwanangu. Si kawaida. Kusahau kilichotokea ni dalili kwamba ubongo wako ulitikisika. Mweleze mzazi wako leo, nenda kituo cha afya, na usicheze wala kupiga kichwa mpira mpaka daktari akuruhusu. Ukitapika, ukisinzia isivyo kawaida, ukiumwa kichwa kinachozidi au ukiona vitu viwili viwili, usisubiri asubuhi.

Na wewe kocha wa kijana huyu, kama unasoma, najua ulimpenda na ulitaka kumtia moyo. Mchezaji aliyegongwa kichwa na kuonyesha dalili yoyote hutoka, na siku hiyo harudi, hata kama ni fainali na hata kama yeye mwenyewe analia akitaka kurudi. Tangu 2024 sheria za mchezo zinaruhusu mashindano kuweka badiliko la ziada kwa aliyeumia kichwa, ili timu isiadhibiwe kwa kumtoa. Maji huosha vumbi usoni na hayafanyi zaidi ya hapo.

Mwalimu, nina kijana wa miaka 16, kiungo hodari. Amekuja mtu kutoka mjini akijiita wakala, anasema atampeleka Ulaya kwa majaribio na anataka familia itoe shilingi milioni moja na nusu za viza. Baba yake yuko tayari kuuza ng'ombe. Pia naomba kujua: kijana akiuzwa, shule yangu itapata chochote?
*Kocha, Katavi*

Nenda kwa baba yake kabla ng'ombe hajafika mnadani. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho kinasema kwamba mchezaji haruhusiwi kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Kijana wako ana miaka 16, hivyo hata angekuwa na kipaji cha kushangaza, klabu ya Ulaya haiwezi kumsajili leo kutoka Katavi. Mtu anayedai fedha za viza ama hajui kanuni au anaijua vizuri na anategemea ninyi hamuijui. Mwambieni aje na barua ya mwaliko ya klabu, kisha mpeleke barua hiyo TFF iulizwe. Walio wengi hawarudi.

Swali lako la pili halina aibu, nami nalipenda kwa sababu walimu wengi wanaliogopa. Mchezaji anapohama kwa ada kutoka klabu moja kwenda nyingine ya nchi tofauti, asilimia 5 ya ada hiyo hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23, kulingana na miaka aliyokaa kila mahali. Lakini kanuni inazungumzia klabu alikosajiliwa. Shule ambayo haina klabu iliyosajiliwa katika mfumo wa mpira haimo katika orodha, hata kama ndiyo iliyomfundisha kutuliza mpira. Ndiyo maana fedha hizo mara nyingi hazirudi katika miji yetu midogo: miaka ya kijana iliyotumika katika uwanja wa shule haikuandikwa popote. Kama mnayo klabu ya vijana hapo mjini yenye uongozi wa kuaminika, zungumza nayo ili vijana wenu wasajiliwe kihalali chama cha mpira cha wilaya kikijua, na utunze nakala. Lakini usianze kumtazama kijana kama akiba ya benki. Wewe mfundishe pasi ya mguu wa kushoto na uhakikishe anafanya mtihani wa Novemba.

Salamu, Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu na sasa naishi Abilene, Texas. Mwanangu yuko shule ya sekondari katika mji mdogo karibu na hapa. Kocha wa mpira wao, ule wa Kimarekani wa kofia ngumu, ni kama chifu: Ijumaa jioni mji wote uko uwanjani. Anataka mwanangu acheze, lakini mtoto anapenda mpira wetu wa miguu. Je, nimwamini kocha huyo? Na mbona makocha wa shule kwetu hawaheshimiwi hivi?
*Baba, Abilene*

Ndugu yangu, mwanao anaweza kucheza yote mawili bila kumkosea mtu. Huko Texas msimu wa mpira wao huanza Agosti na kuendelea hadi Desemba, na mpira wetu wa miguu katika shule huchezwa kuanzia Januari hadi Aprili, hivyo nenda ukaulize kama shule ina timu hiyo. Zipo shule ndogo sana ambazo hazina, na hata mpira wa kofia ngumu huucheza wakiwa sita kwa upande kwa kukosa wavulana wa kutosha. Mchezo huo wa watu sita ulibuniwa Nebraska mwaka 1934 kwa ajili ya shule ndogo. Hilo nimelipenda: badala ya kuchezesha mamluki wafike kumi na mmoja, walipunguza mchezo ukawatosha watoto waliokuwepo.

Kumwamini kocha utamwamini kwa kumwona, kama tunavyofanya huku. Lakini huko una sheria ya kukusaidia. Tangu mwaka 1984 Texas ina kanuni kwamba mwanafunzi anayepata chini ya alama 70 katika somo husimamishwa kucheza kwa muda mpaka arekebishe. Mwombe kocha akueleze anavyoifuatilia, na uone kama anajua mwanao anapata alama ngapi za Hisabati. Akijua bila kufungua karatasi, huyo ni mwalimu.

Kuhusu heshima, tofauti kubwa ni kwamba huko kocha ana mkataba na posho kwa kazi hiyo, na mji unalipia uwanja kwa kodi na viingilio. Karibu na Dallas, shule ya mji wa Allen ilifungua mwaka 2012 uwanja wa watu 18,000 uliogharimu karibu dola milioni 60. Huku mwalimu wa michezo ana vipindi vyake vyote darasani na filimbi aliyoinunua mwenyewe. Naitamani posho yao. Siutamani uzito wa mji mzima juu ya mabega ya mtoto wa miaka 16 kila Ijumaa, wala desturi ya kumfukuza kocha kwa sababu ya misimu miwili mibaya.

Mwalimu, mume wangu ni kocha wa shule. Nauli za wachezaji zinatoka kwenye mshahara wake, Jumamosi hatumwoni, na mwezi uliopita alinunua jozi mbili za njumu wakati gesi ya kupikia imeisha nyumbani. Watoto wetu wanaulizana kama baba ni wa kwetu au wa shule. Nampenda na sitaki aache kazi inayomfurahisha. Nimwambie nini?
*Mke wa kocha, Tunduru*

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nilimsomea mke wangu kwa sauti. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza.

Kwa miaka kumi ya mwanzo, jezi za timu yangu zilifuliwa nyumbani kwangu. Jumamosi usiku nilizishusha kwenye gunia, jezi 18 na soksi zisizo na wenzake, na Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, mke wangu alizifua katika makarai mawili kwa sabuni ya mche, kwa maji ya kisima ambayo Makambako mwezi wa sita huwa na baridi ya kukata vidole. Kamba ya nguo yetu ilijaa namba mgongoni, na nguo za watoto wetu zikasubiri Jumatatu. Mimi nikaona fahari. Sikuwahi kumuuliza kama anataka, na yeye hakuwahi kusema hataki, nikaufanya ukimya wake kuwa ridhaa. Aliyenizindua ni binti yetu mdogo, ambaye siku moja alichora familia yake shuleni na mimi sikuwemo. Alinieleza bila hasira kwamba nilikuwa uwanjani.

Kwa hiyo usimwambie aache. Mwonyeshe ukurasa huu, mkae usiku watoto wakiwa wamelala, muandike pamoja kiasi ambacho nyumba yenu inaweza kuipa timu kwa mwezi bila gesi kuisha, hata kama ni shilingi elfu kumi, na kikiisha kimeisha. Zaidi ya hapo aende na orodha yake kwa mkuu wa shule, kwa bodi na kwa wafanyabiashara wa sokoni. Mimi niliona aibu kuomba kwa miaka mingi, na nilipoanza, mwenye duka la mbao alinipa nauli ya timu nzima na kuniuliza kwa nini sikuwahi kwenda kwake. Jumapili isiwe ya timu kabisa. Jumamosi moja kwa mwezi awachukue watoto wenu uwanjani, wakae benchi la wachezaji, mmoja ashike maji na mwingine ashike kaunta buku.

Na kama jezi ziko nyumbani kwako, zirudishe shuleni kesho. Vijana wazifue wenyewe bombani baada ya mechi, kila mmoja ya kwake, ndipo wavae sare na kuondoka. Wangu waligoma siku mbili za kwanza, kisha wakazoea, na golikipa wetu akawa ndiye mkaguzi wa kola.